Kiwiko kilichovimba Jumamosi usiku

Swali la msomaji: "Tunakaa nje kidogo ya mji wa Koboko. Mtoto wangu wa miaka 6 alianguka kutoka kwenye mwembe Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Kiwiko cha kushoto kikavimba palepale, akawa hataki mtu amguse. Kwenye kituo cha afya nilimkuta nesi mmoja tu. Akampa Panadol, akasema habari ya eksirei ni mpaka Jumatatu. Habuba wake, yaani mama wa mume wangu, akataka aitwe mzee wa kuunga mifupa amkande na mafuta usiku uleule. Mume wangu yuko Juba kwa biashara na simu yake haikupatikana. Niliufunga mkono kwa leso, nikakesha naye. Jumapili alfajiri tukapanda gari mpaka Arua, wakapiga picha, kumbe mfupa umevunjika juu ya kiwiko. Wakafunga plasta. Daktari mmoja alinigombeza kwamba nimechelewa. Je, nilikosea? Na usiku kama ule mama aliye peke yake afanye nini?"

Mama, hukukosea. Ila ulikuwa na bahati, na ningependa uijue bahati hiyo ilikuwa wapi ili siku nyingine usiitegemee.

Mimi ni ofisa wa mifupa, kazi yangu kwa miaka zaidi ya 20 ni kunyoosha na kufunga plasta. Hata hivyo uniletee mtoto aliyevimba kiwiko bila picha, siwezi kukuapia kwa macho kwamba umevunjika au haukuvunjika. Kwa hiyo usijitese usiku kucha na swali hilo. Swali la usiku ni jingine: damu inafika kwenye vidole? Mfupa ambao damu inapita vizuri chini yake, na ngozi yake ni nzima, unaweza kulala nyumbani mpaka kuche ukiwa umefungwa vizuri. Mfupa uliobana mshipa hauwezi kusubiri hata chai.

Nianze na mvunjiko wa mwanao. Mtoto wa miaka 5 mpaka 7 akianguka hujikinga kwa kunyoosha mkono, uzito wote unapanda mpaka kwenye kiwiko, na mfupa wa juu unakatika pale ulipo mwembamba, kidole kimoja au viwili juu ya kiungo. Msimu wa maembe ukifika huku kwetu West Nile, kaskazini-magharibi ya Uganda, sisi wa chumba cha plasta hatuhitaji kalenda. Shida ya pahali hapo ni kwamba mbele ya mfupa umepita mshipa mkubwa wa damu wa mkono, na pembeni yake zimepita neva zinazoviendesha vidole. Ncha ya mfupa ikisukumwa mbele inaweza kuukunja mshipa ule kama mpira wa kumwagilia uliokanyagwa. Kisha uvimbe wenyewe unaongeza kubana. Misuli isiyopata damu huanza kufa baada ya saa 6 hivi, na ikifa haifufuki: hugeuka kovu gumu, na kovu huvivuta vidole ndani vikabaki vimekunjamana kama ukucha wa mwewe. Daktari wa Ujerumani, Richard von Volkmann, aliueleza ulemavu huo mwaka 1881, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Nimeuona kwa macho yangu, na kila mara, nikiuliza historia, nasikia usiku mmoja ambao hakuna aliyevitazama vidole.

Wewe ulivitazama? Hukuandika, lakini naona uliufunga mkono kwa leso bila kuubana na ulikesha naye, basi nadhani ulivigusa. Hiyo ndiyo bahati ninayosema.

Namna ya kutazama ni hii, na haihitaji kifaa. Shika vidole vya mkono ulioumia kwa mkono wako mmoja na vya mkono mzima kwa mwingine. Joto lazidiana? Bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, achia, uhesabu "elfu moja, elfu mbili": wekundu uwe umerudi. Kwa watoto wetu weusi rangi ya ngozi ya mkono haisemi mengi, tazama kucha na kiganja. Halafu mchezeshe. Mwambie anyooshe dole gumba juu kama anayesema safi. Atanue vidole vyote kama nyota. Halafu aunganishe ncha ya dole gumba na ncha ya kidole cha shahada vifanye duara, kama anachungulia mwezi. Kila mchezo unapima neva yake, na lile duara ndilo linaloshindikana mara nyingi zaidi kwa mvunjiko wa namna ya mwanao. Asipoweza, usipige kelele, neva nyingi hupona zenyewe ndani ya miezi michache. Ila mwambie anayempokea, maana yapaswa kuandikwa kabla ya plasta kufungwa. Baada ya plasta kila mtu anamlaumu mwenzake.

Rudia kutazama kila saa moja usiku huo. Weka alamu ya simu, usitegemee macho.

Kinachokutoa nyumbani saa nane ya usiku ni hiki: vidole baridi au vyeupe kuliko vya upande wa pili, mfupa umetoboa ngozi, au kuna kidonda chochote karibu na uvimbe, hata kitundu kinachotoa damu kidogo yenye matone ya mafuta, mkono umepinda umbo la kutisha, au maumivu yanazidi badala ya kupungua baada ya dawa na baada ya kufungwa. Hilo la mwisho watu hulidharau. Mvunjiko ukitulizwa maumivu hupungua kidogo kidogo, mtoto husinzia. Akizidi kulia, hana utulivu, na ukinyoosha vidole vyake taratibu anapiga yowe, misuli inabanwa ndani. Usingoje vidole viwe baridi, wakati huo umeshachelewa. Na mfupa uliotoboa ngozi unahitaji antibayotiki mapema na chanjo ya pepopunda, uufunike kwa kitambaa safi, usijaribu kuurudisha ndani.

Kabla ya mkono, hata hivyo, kuna mambo mawili ambayo mama huyasahau kwa sababu kilio kiko kwenye mkono. Aliyeanguka kutoka mtini ameanguka mzima mzima. Alizirai? Ametapika zaidi ya mara moja, anasinzia isivyo kawaida, analalamika shingo? Twende hospitali, mkono ungoje. La pili ni tumbo. Kwetu ambako malaria haitoki nyumbani, watoto wengi wana wengu lililovimba, na wengu la namna hiyo laweza kupasuka kwa anguko ambalo kwa mtoto mwingine lingekuwa la kucheka. Tumbo likiuma upande wa kushoto chini ya mbavu, mtoto akipauka, akitoka jasho baridi, au akisema bega la kushoto linauma wakati hakuliangukia, hapo hakuna kungoja kuche.

Sasa kufunga. Leso yako ilitosha, lakini gango zuri zaidi liko dukani kwa jirani: boksi la sabuni au la biskuti. Kata kipande kirefu, kikunje kiwe mfereji, weka nguo laini ndani, laza mkono humo kama ulivyo, funga kwa vitambaa juu na chini ya uvimbe, si juu ya uvimbe wenyewe. Kiwiko usikikunje mpaka kipige pembe. Kikiwa kimevimba, kukikunja sana ndiko kunakomaliza nafasi ya mshipa, uache mlegezo alioupenda mtoto mwenyewe. Leso ya kuning'iniza shingoni ije juu ya hapo. Vua bangili, uzi, hirizi, pete, kila kilicho mkononi, kabla uvimbe haujavimeza. Ukimaliza kufunga, tazama vidole tena, kwa sababu wakati mwingine kinachobana ni sisi.

Kwa paja usinipeleke kwenye boksi. Paja lililovunjika humwaga damu nyingi ndani bila tone kuonekana nje. Mlaze, weka mto katikati ya miguu, funga miguu yote miwili pamoja, na asipande boda boda kwa hali yoyote, hata kama dereva ni mjomba wake. Mkono unaweza kupanda boda mtoto akiwa katikati yako na dereva. Paja linataka gari la kulala.

Dawa ya maumivu mpe, na mpe ya kutosha. Parasetamoli ni miligramu 15 kwa kila kilo ya mtoto, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 20 ni miligramu 300, kwa hiyo nusu ya kidonge cha 500 haijamzidia. Nimeona watoto wamepewa robo ya kidonge wakalia mpaka asubuhi kwa sababu mama aliogopa dawa "itaficha ugonjwa". Haifichi. Ibuprofeni inafaa pia kama amekula na anakunywa maji vizuri. Aspirini asipewe mtoto. Chakula kina hesabu yake: kama vidole vizuri na mnapanga kuondoka alfajiri, ale chakula chake cha usiku, halafu baada ya hapo maji matupu. Nusu kaputi hutaka tumbo lisiwe na chakula kwa saa 6 na maji kwa saa 2. Mtoto aliyepewa chai na mandazi getini hospitalini atasubiri plasta mpaka alasiri, na kosa si la daktari.

Nesi wako, mama, hakukudanganya wala hakukutupa. Kituo cha afya cha daraja la III hakina eksirei. Cha daraja la IV kina daktari na chumba cha upasuaji, lakini mara nyingi nacho hakina eksirei. Picha zinaanzia hospitali, na hata hospitali ikiwa na mashine, usiku unategemea kama mpiga picha yuko zamu au kwake, na kama umeme upo. Kabla West Nile haijaunganishwa na gridi ya taifa nimefunga plasta nyingi kwa tochi ya simu. Kwa hiyo, mchana wa siku yoyote ambayo hakuna aliyeumia, pata namba ya simu ya zamu ya hospitali mbili zilizo karibu nawe, moja ya serikali na moja ya misheni au ya binafsi. Usiku ukifika uliza maneno matatu tu: mashine inafanya kazi sasa hivi? Mpiga picha yupo? Yuko anayeweza kunyoosha mfupa wa mtoto? Jibu la tatu likiwa hapana, la kwanza halikusaidii kitu, utalipia picha kisha upewe barua ya kwenda mbele.

Na vidole vikiwa baridi, usitafute picha, tafuta mtu. Hapo wazazi wengi hupoteza saa wakizunguka kliniki za mjini kuulizia eksirei. Mkono usio na damu, mtu mwenye mafunzo anaweza kuuvuta taratibu na kuurudisha kwenye mstari bila picha yoyote, na mara nyingi damu hurudi palepale, nimeona kiganja kikipata rangi chini ya mkono wangu. Picha na sindano za kushikilia mfupa vitafuata. Basi nenda kwa daktari wa karibu kabisa, hata wa daraja la IV, mwambie neno la kwanza kabla ya salamu: "Vidole vya mtoto ni baridi." Halafu ndipo mtafute gari la kwenda Arua, kilomita 50 na kitu, barabara ya lami. Kwenye hospitali ya rufaa ya Arua mlango wa dharura uko wazi usiku, na Kuluva, hospitali ya misheni kusini ya mji, nayo ina upasuaji. Wasomaji wa Kampala wakumbuke kwamba mvunjiko si wa Kawempe, ambako ni wazazi na watoto wachanga, wala Kiruddu, ambako ni magonjwa ya ndani na majeraha ya moto. Nendeni Mulago au Naguru. Nimewahi kukutana na baba aliyelipia boda tatu usiku mmoja kabla ya kuambiwa hivyo.

Fedha: tangu 2001 huduma za kawaida za hospitali ya serikali hazilipiwi, lakini stoo ikiwa tupu utatumwa duka la dawa kununua bendeji za plasta na pamba ya kuweka chini yake, na gari la wagonjwa laweza kukuomba mafuta. Weka kitu pembeni kwa ajili hiyo, usije ukabishana na mlinzi wa geti.

Tuje kwa habuba. Sitamdharau, na sikushauri umdharau, maana utaishi naye. Wale wazee wa kuunga mifupa hawakupata sifa bure. Mifupa ya watoto huunga upesi, mingi hupinda na kupasuka upande mmoja tu kama kijiti kibichi, na mkono wa chini uliopinda kidogo hujinyoosha wenyewe mtoto akikua. Mzee anakanda, mfupa unapona, mzee anasifiwa kwa kazi ambayo Mungu alikuwa ameshaianza. Lakini kiwiko hakina huruma hiyo. Kukandwa kunaongeza damu kuvuja ndani, kunasukuma ncha za mfupa kwenye mshipa, na misuli iliyokandwa karibu na kiwiko inaweza kuota mfupa ndani yake, kiungo kikakakamaa kisikunjike tena. Na magango ya mianzi yaliyofungwa kwa nguvu usiku, uvimbe ukiendelea chini yake, ndiyo yaliyonipa siku mbaya kuliko zote kazini: binti wa miaka 8, siku ya tatu, mkono mweusi mpaka katikati. Tuliukata. Mamake alikuwa amefanya kila alichoambiwa na wakubwa.

Kwa hiyo usiseme hapana kwa habuba, mpe kazi. "Mama, mimi nitafunga, wewe shika vidole vyake usiku huu, vikipoa uniamshe." Hakuna mzee atakayekataa kushika mkono wa mjukuu. Akitaka dua, aombe. Akitaka mafuta, ampake mguuni.

Kuna vitu viwili vinavyofanana na mvunjiko ambavyo nikiviacha nitaulizwa. Mtoto wa mwaka 1 mpaka 4 aliyevutwa mkono, pengine kwa kuvushwa barabara, na sasa mkono umening'inia, hakuna uvimbe, hataki kuutumia: kiwiko kimechomoka kidogo tu. Anayejua hukirudisha kwa sekunde chache bila picha, na mtoto anaomba biskuti dakika 10 baadaye. Cha pili ni kibaya. Mtoto ana homa na hataki kusimamia mguu, anguko halikumbukwi vizuri, kipimo cha malaria kimetoka chanya, anapewa dawa ya malaria, mguu unasahaulika. Homa pamoja na kiungo kisichotumika ni usaha ndani ya mfupa au kiungo mpaka ithibitike vingine, na mwenye siko seli, yaani seli mundu, ndiye huupata zaidi. Huyo asilale nyumbani, hata kama damu yake imejaa malaria kweli.

Sasa mwanao. Daktari aliyekugombeza naye ana sababu, ameona waliochelewa kweli. Lakini mvunjiko wa kiwiko wenye vidole vizuri mara nyingi hata sisi wenyewe hospitalini huulaza mpaka asubuhi, timu ikiwa imeamka na mwanga upo. Saa 12 ulizokaa naye hazikumharibia kitu.

Ninachojali ni kesho na wiki ijayo. Kama alifungwa plasta nusu, ile ya upande mmoja yenye bendeji juu, vizuri, inaacha nafasi ya uvimbe. Kama ni plasta ya kuzunguka mkono mzima na ni siku za kwanza, kuwa macho zaidi. Mkono ukae juu ya mto, juu kuliko moyo, siku mbili tatu, na vidole vichezeshwe kila mara. Vikivimba, vikifa ganzi, vikibadilika rangi, au maumivu yakizidi dawa, rudi saa yoyote. Kama ni plasta nusu na gari halijapatikana, chukua mkasi, kata bendeji yote na pamba ya chini yake mpaka uione ngozi, acha lile banzi gumu chini ya mkono. Daktari akikasirika mwambie nimekutuma mimi. Usimpe mtoto kijiti cha kujikuna ndani, na plasta isilowe.

Uliza pia picha ya pili siku ya 7 hivi. Mfupa wa kiwiko unaweza kuteleza ndani ya plasta uvimbe ukishuka, na ukiteleza tuna siku chache tu za kuurekebisha kabla haujaanza kushikana. Kwa watoto ni mapema kuliko watu wanavyodhani. Plasta itakaa wiki 3 mpaka 4. Ikitoka, kiwiko kitakuwa kigumu, na hapo ndipo habuba atakapoleta mafuta tena. Kataa kukanda na kataa kumlazimisha anyooshe. Mwache acheze, ale posho kwa mkono huo kama unamfaa, abebe kikombe. Hurudi chenyewe, huchukua miezi.

Ile picha ya kwanza ibebe kila unapokwenda, usiiache hospitalini wala usiikunje. Ukiipiga kwa simu kunitumia, iweke dirishani mchana, na unitumie pande zote mbili, ya mbele na ya ubavu, kwani mmoja peke yake kwa kiwiko cha mtoto haunionyeshi kitu.